Programu ya duka inaganda: je, nihame Java?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilimtengenezea mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Ifakara programu ya mauzo kwa Java, nikitumia Swing (maktaba ya kuchora madirisha), SQLite (hifadhidata ya faili moja) na NetBeans (programu ya kuandikia msimbo). Mwanzoni ilikwenda vizuri. Sasa bidhaa zimefika kama elfu nne na mauzo ni mengi. Ukianza kuandika jina la bidhaa kwenye sehemu ya kutafuta, dirisha linaganda na kuwa jeupe. Muuzaji akibofya "Uza" mara mbili tatu kwa hasira, mauzo yanaingia mara mbili. Jumla ya siku haikubaliani na droo, mara kwa senti, mara kwa maelfu. Wenzangu wananiambia Java ya mezani imekufa, niandike upya kwa wavuti. Mwenye duka naye anataka nimrudishie hela yake. Msimbo wote huu hapa pamoja na nakala ya data. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimeupitia msimbo wako jana usiku, na jibu fupi ni kwamba usihame. Ukihama sasa utahama na mende wako ndani ya makabati. Kinachogandisha dirisha hili kitagandisha na ukurasa wa wavuti, ila huko muuzaji atakuwa na wawili wa kulaumu, wewe na mtandao. Duka lenye kompyuta moja, umeme wa kukatika na intaneti ya kununua bando ni mahali hasa pa programu ya mezani.

Kabla sijakuambia cha kurekebisha, nataka uone ugonjwa kwa macho yako, maana usipoutazama utabaki kubahatisha. Washa programu, andika kitu kwenye kutafuta, na dirisha likiganda nenda kwenye dirisha jeusi la amri uandike:

```
jps -l
jstack 8124 > ganda.txt
```

Amri ya kwanza inakupa namba ya programu yako (kwangu ilikuwa 8124, kwako itakuwa nyingine). Ya pili inaandika kwenye faili kila uzi wa programu (yaani kila mfululizo wa kazi unaokwenda peke yake ndani yake) unafanya nini sekunde ile ile. Zote mbili zinakuja na JDK (kifurushi cha kutengenezea programu za Java), huhitaji kununua wala kupakua kitu. Rudia mara tatu kwa kupishanisha sekunde moja moja. Mstari ukijirudia mara zote tatu, mwizi umempata. Mimi nimefanya hivyo kwa data uliyonitumia, na hiki ndicho nilichokikuta, nimekifupisha:

```
"AWT-EventQueue-0"
   java.lang.Thread.State: RUNNABLE
     at org.sqlite.core.NativeDB.step(Native Method)
     ...
     at duka.BidhaaDao.stokuYa(BidhaaDao.java:88)
     at duka.BidhaaDao.tafuta(BidhaaDao.java:64)
     at duka.DirishaKuu.jTextField3KeyReleased(DirishaKuu.java:212)
```

Isome kutoka chini kwenda juu. Muuzaji ameachia herufi ya kibodi. Msimbo wako ukaita `tafuta`, nayo ikaita `stokuYa`, nayo ikaenda kukaa ndani ya SQLite. Yote hayo yamefanyika ndani ya uzi mmoja unaoitwa AWT-EventQueue-0, na hapo ndipo penye neno.

Swing ina uzi mmoja tu wa matukio. Mchukulie kama karani mmoja wa kaunta: yeye ndiye anayechora vitufe, yeye ndiye anayepokea mibofyo, na yeye ndiye anayeita msimbo wako kila kitu kikibofywa. Ukimtuma stoo kuhesabu mifuko ya saruji, kaunta haina mtu. Dirisha jeupe ni kaunta isiyo na mtu. Java haikuwa na uvivu wowote, ilikuwa imetumwa.

Kumtuma stoo ni kosa moja. Kumtuma mara elfu nne ni kosa la pili, na kwako la pili ndilo linaloumiza zaidi. Methodi yako ya `tafuta` inaleta bidhaa zote zinazofanana na neno, halafu kwa kila bidhaa inaita `stokuYa`, ambayo inafungua muunganisho mpya wa hifadhidata, inajumlisha mauzo yote ya bidhaa hiyo kwenye jedwali lisilo na faharasa (index, orodha ya kuharakisha utafutaji), kisha inafunga. Na kwa kuwa umeiweka kwenye KeyReleased (tukio la kuachia kila herufi), muuzaji akiandika "misumari" umetafuta mara nane. Herufi ya kwanza, "m", inapatikana karibu kwenye kila jina dukani: mabati, mbao, misumari, simenti, mfuniko. Hesabu mwenyewe.

Maswali elfu nne yageuze yawe moja:

```sql
CREATE INDEX IF NOT EXISTS idx_mistari_bidhaa
    ON mauzo_mistari(bidhaa_id);

SELECT b.id, b.jina, b.bei,
       b.iliyoingia - COALESCE(SUM(m.idadi), 0) AS iliyobaki
FROM bidhaa b
LEFT JOIN mauzo_mistari m ON m.bidhaa_id = b.id
WHERE b.jina LIKE ?
GROUP BY b.id
ORDER BY b.jina
LIMIT 200;
```

Hiyo LIMIT 200 usiidharau. Hakuna muuzaji atakayesoma mistari elfu nne akiwa na mteja mbele yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kuileta.

Wengi wakifika hapa wanafunga kompyuta, maana kuganda kumeisha. Usifunge. Ripoti ya mwezi bado itaganda, kuhifadhi nakala kwenye flashi kutaganda, na siku diski ikichoka hata swali hili dogo litaganda. Kazi yoyote inayogusa diski, mtandao au printa itoke kwenye uzi wa matukio. Chombo chake kipo ndani ya Java tangu toleo la 6, mwaka 2006, kinaitwa SwingWorker:

```java
private SwingWorker<List<Bidhaa>, Void> utafutaji;

private void tafuta(String neno) {
    if (utafutaji != null) utafutaji.cancel(false);

    utafutaji = new SwingWorker<List<Bidhaa>, Void>() {
        @Override protected List<Bidhaa> doInBackground() throws Exception {
            return bidhaaDao.tafuta(neno); // stoo
        }
        @Override protected void done() {       // kaunta
            if (isCancelled()) return;
            try {
                modeliYaBidhaa.weka(get());
            } catch (InterruptedException e) {
                Thread.currentThread().interrupt();
            } catch (ExecutionException e) {
                LOGI.log(Level.SEVERE, "Kutafuta: " + neno, e.getCause());
                onyeshaKosa("Imeshindikana kutafuta bidhaa.");
            }
        }
    };
    utafutaji.execute();
}
```

Ndani ya `doInBackground` usiguse kitufe, jedwali wala lebo. Hapo uko stoo. Ndani ya `done` umerudi kaunta, gusa unachotaka. Halafu kuna mtego ambao umenipotezea siku nzima zamani: kosa lolote likitokea ndani ya `doInBackground`, SwingWorker inalimeza kimya kimya mpaka uite `get()`. Ndiyo maana nimeiita hata kama ungeweza kuweka matokeo kwenye kibadilika cha pembeni. Usipoiita, hifadhidata inaweza kuwa imekufa kabisa, na muuzaji anaona jedwali tupu na kudhani misumari imeisha.

Muunganisho wa hifadhidata usiuchangie kati ya nyuzi. Kila kazi ifungue wake ndani ya `try (Connection c = ...)`, Java itaufunga yenyewe hata kosa likitokea. Niliona sehemu mbili ambapo umesahau kufunga.

Kuhusu herufi nane kuwa utafutaji mara nane, mpe muuzaji nafasi ya kumaliza neno. Badala ya KeyReleased sikiliza mabadiliko ya maandishi kwa DocumentListener, na kila badiliko lianzishe upya saa ndogo:

```java
Timer subira = new Timer(300, e -> tafuta(kisandukuTafuta.getText().trim()));
subira.setRepeats(false);
// ndani ya DocumentListener:
subira.restart();
```

Milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho ndipo utafutaji unaondoka. Angalia NetBeans isikuletee `java.util.Timer`, unayoitaka ni `javax.swing.Timer`, kwa sababu hiyo inalia ndani ya uzi wa matukio. Na kwa heshima zote, jTextField3 ipe jina. Nilipofika kwenye jButton17 nililazimika kuandika kwenye karatasi ni kitufe gani.

Sasa mauzo ya mara mbili. Ulijaribu kulitibu, nimeona: mwanzoni mwa methodi ya "Uza" unakizima kitufe kwa `setEnabled(false)`, unahifadhi, kisha mwishoni unakiwasha. Inaonekana sawa kabisa na haisaidii chochote. Karani alipokuwa stoo, mibofyo ya muuzaji haikupotea, ilijipanga foleni. Aliporudi, kitufe tayari kilikuwa kimeshawashwa, kwa sababu kukizima na kukiwasha kulifanyika ndani ya safari ile ile ya stoo. Akaanza kuhudumia foleni, mbofyo wa pili, wa tatu, na kila mmoja ni mauzo halali machoni pake.

Ukihamishia uhifadhi kwenye SwingWorker, kukizima kitufe kunaanza kuwa na maana: kinazimwa kwanza, uzi wa matukio unabaki huru, mibofyo ya ziada inaangukia kitufe kilichozimwa, kisha `done` inakiwasha. Ila mimi siamini kitufe peke yake kwenye mambo ya hela. Kikapu kipya kikifunguliwa, kipe kitambulisho kwa `UUID.randomUUID()`, na kwenye jedwali la mauzo weka safu ya kitambulisho hicho yenye UNIQUE. Kikapu kile kile kikijaribu kuingia mara ya pili, hifadhidata inakataa. Kitufe unaweza kukisahau ukitengeneza dirisha jingine mwakani, lakini jedwali halisahau.

Senti. Bei umezihifadhi kama `double` (aina ya namba zenye desimali), na idadi pia. Fanya jaribio hili: anza na kilo 1.0 ya misumari, uza 0.1 mara kumi. Java itakuambia stoku iliyobaki ni 1.3877787807814457E-16. Hicho ni kipande cha msumari ambacho hata darubini haitakiona, lakini `if (stoku > 0)` inakiona, na bidhaa iliyoisha inaendelea kuonekana ipo. `double` huhesabu kwa mbili mbili, na 0.1 haiandikiki sawasawa kwa njia hiyo, kama theluthi isivyoandikika sawasawa kwa desimali.

Hela weka kama `long` (namba kamili kubwa) ya senti, uzito kama `long` ya gramu. Nasema `long` na siyo `int`, namba kamili ndogo zaidi, kwa sababu maalumu kwetu: `int` inaishia 2,147,483,647. Ukihesabu kwa senti, hiyo ni shilingi 21,474,836.47. Kwa mwandishi wa vitabu vya Java anayewaza dola, hizo ni hela za ndoto. Kwa duka lako la mabati na nondo, zinapatikana ndani ya wiki nzuri ya mavuno, na siku hiyo jumla inageuka kuwa hasi bila onyo lolote. Ukitaka onyo, tumia `Math.addExact` na `Math.multiplyExact`, zinapiga kelele badala ya kugeuza namba.

Senti zenyewe hatuzishiki mkononi siku hizi, lakini VAT inazizaa. Bidhaa ya shilingi 2,500 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake: kodi ni 2,500 × 18 ÷ 118, yaani 381.3559 na kuendelea. Ukiizungusha inakuwa 381.36. Mteja akichukua bidhaa tatu za bei hiyo kwenye mistari mitatu tofauti, jumla ya kodi ni 1,144.08. Ukihesabu kodi mara moja juu ya shilingi 7,500 unapata 1,144.07. Zote mbili ni hesabu sahihi, na zinatofautiana senti moja. Kwako dirisha la mauzo linahesabu kwa mstari na ripoti ya siku inahesabu kwa jumla. Hapo hakuna mdudu wa kumsaka. Kuna uamuzi ambao haukufanywa. Muulize mhasibu wa mwenye duka, chagua njia moja, iweke kwenye methodi moja, na kila sehemu ya programu iite hiyo hiyo. Kwa kugawa na kuzungusha tumia BigDecimal (klasi ya Java ya desimali kamili) na RoundingMode.HALF_UP, na uijenge kwa maandishi au kwa `BigDecimal.valueOf`, usiijenge kwa `new BigDecimal(0.1)` maana hiyo inaukumbatia ule ule uchafu wa `double`.

Yale maelfu yanayokosekana hayatokani na senti. Mengine ni mauzo ya mara mbili. Mengine nimeyaona kwenye jedwali lako la bidhaa, na hapa nakiri kwamba miaka ya nyuma niliwahi kulifanya kosa hili kwenye duka moja la dawa, nikalijua baada ya miezi mitatu. Umewasha upangaji, kwa hiyo muuzaji akibofya kichwa cha safu, jedwali linajipanga kwa jina au kwa bei. Kisha anachagua mstari wa tano na kubofya "Badili bei". Wewe unachukua `getSelectedRow()`, unapata 4, unakwenda kwenye orodha yako namba 4. Lakini 4 ya machoni siyo 4 ya orodha tena! Orodha haijapangwa, kilichopangwa ni sura yake tu. Ukabadili bei ya bomba badala ya bei ya kitasa.

```java
int wa_machoni = jedwali.getSelectedRow();
if (wa_machoni < 0) return;
int wa_modeli = jedwali.convertRowIndexToModel(wa_machoni);
Bidhaa b = modeliYaBidhaa.kwenye(wa_modeli);
```

Mstari mmoja wa ziada. Tafuta `getSelectedRow` kwenye mradi mzima. Nimehesabu sehemu sita, na tano kati yake zina ugonjwa huu.

Kuna jambo jingine ambalo ninashangaa halijakufikia, labda limekufikia ukadhani ni bahati mbaya. Unajenga maswali ya SQL kwa kuunganisha maandishi: `"... WHERE jina = '" + jina + "'"`. Vitabu vinakuonya juu ya wadukuzi, na ni kweli, lakini sisi hatuhitaji mdukuzi. Tunaye mteja wa Mang'ula. Andika Mang'ula kwenye kisanduku cha anwani, ile alama ya ng' inafunga maandishi katikati, na SQLite inatupa kosa la sintaksia. Kiswahili chenyewe kinaivunja programu yako. Tumia PreparedStatement kila mahali, weka `?` na `setString`, na Mang'ula, Ng'ambo na ng'ombe wote wataingia salama.

Umeme. Mauzo moja kwako ni: ingiza mauzo, kisha ingiza mistari yake mmoja mmoja. Kila hatua inajihifadhi peke yake kwa sababu hujagusa `setAutoCommit`. Umeme ukikatika katikati, una mauzo yasiyo na mistari au yenye nusu tu ya mistari yake. Zifunge ziwe muamala mmoja: `c.setAutoCommit(false)` mwanzoni, `c.commit()` mwishoni, `c.rollback()` kwenye `catch`. Ama zote ziingie, ama isiingie hata moja. Utapata na faida ya pili bila kuiomba: SQLite kwenye kila muamala inasubiri diski ikiri kwamba data imekaa, na kwenye diski ya kuzunguka ya zamani unapata makumi machache tu ya miamala kwa sekunde. Risiti ya mistari thelathini ilikuwa miamala zaidi ya thelathini. Sasa ni mmoja. Na kwenye kila muunganisho tekeleza `PRAGMA foreign_keys = ON`, inayozuia mstari kubaki bila mauzo yake, maana SQLite kwa kawaida huja ikiwa imeizima.

Nimekuta pia `catch (Exception e) {}` tupu, nyingi. Na pale ulipojitahidi umeandika `e.printStackTrace()`. Dukani programu inafunguliwa kwa kubofya mara mbili, hakuna dirisha jeusi, kwa hiyo maandishi hayo yanakwenda hewani. Weka FileHandler ya `java.util.logging` yenye kikomo cha ukubwa na mafaili matano ya kuzunguka, na mwanzoni mwa `main` weka `Thread.setDefaultUncaughtExceptionHandler` inayoandika huko. Siku mwenye duka akikupigia simu usiku, umwombe faili hilo kwa WhatsApp badala ya kumwuliza "ilionyesha nini?" na yeye akujibu "ilionyesha Kiingereza".

Kuhusu kufungasha: acha kumbebea mteja faili la JAR (programu yako iliyofungashwa bila Java yenyewe) na kumwekea Java kwa mkono. Tangu JDK 16 ya mwaka 2021, `jpackage` ni sehemu rasmi ya JDK. Inakutengenezea kisakinishi chenye Java yake ndani, na hata mtu akifuta Java nyingine zote kwenye kompyuta, yako inabaki. Kisakinishi cha Windows kitengeneze ukiwa kwenye Windows, pamoja na zana za WiX. Lakini kumbuka kwamba kikisakinishwa kitaenda Program Files, na huko mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Faili lako la data sasa hivi linakaa pembeni ya JAR. Lihamishie kwenye folda ya mtumiaji, kwa mfano chini ya `System.getenv("LOCALAPPDATA")`. Ukitumia JDK 17 au 21 utapata na maandishi safi kwenye zile skrini mpya ambazo Java 8 inazionyesha kwa herufi za sisimizi.

Mwenye duka akija kutaka kompyuta ya pili kwa kaunta ya pili, na atakuja, usiliweke faili la SQLite kwenye folda ya kushirikiana mtandaoni. Hapo ndipo uhamie PostgreSQL au MariaDB, hifadhidata za seva, kwenye kompyuta moja wapo. Ukiwa umeshaondoa SQL ya kuunganisha maandishi na kuiweka yote kwenye klasi zako za DAO (zile zinazozungumza na hifadhidata), ni kazi ya siku chache.

JavaFX, maktaba nyingine ya madirisha ya Java? Ni nzuri, ukianza mradi mpya ifikirie. Lakini iliondolewa ndani ya JDK kuanzia toleo la 11 mwaka 2018, utaibeba mwenyewe, na nayo ina karani mmoja vile vile. Tofauti ni kwamba kumrudia unasema `Platform.runLater`. Ungeandika upya programu yote na kuganda kungekuwa pale pale. Kama tatizo ni sura ya Swing, weka FlatLaf, maktaba ya kubadili mwonekano wa Swing, mistari miwili kwenye `main`, na mwenye duka atadhani umemwandikia upya.

La hela sasa. Usirudishe, rekebisha. Jumapili duka likiwa limefungwa, kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya data kwa amri ya SQLite `VACUUM INTO 'nakala.db'`, ambayo ni salama hata faili likiwa linatumika, halafu endesha hili:

```sql
SELECT a.id, b.id, a.jumla, a.saa, b.saa
FROM mauzo a
JOIN mauzo b ON b.id > a.id AND b.jumla = a.jumla
 AND strftime('%s', b.saa) - strftime('%s', a.saa) BETWEEN 0 AND 30
ORDER BY a.saa;
```

Hayo ni mauzo ya kiasi kile kile yaliyopishana nusu dakika au chini yake. Siyo yote ni makosa. Wateja wawili wanaweza kununua mfuko mmoja mmoja wa saruji kwa kufuatana. Kwa hiyo usifute kwa amri moja. Ongeza safu ya `batili`, chapisha orodha, kaa na mwenye duka na muuzaji, mkifananisha siku kwa siku na ripoti za Z (za kufunga siku) za EFD, mashine ya risiti za kodi. Risiti za EFD muuzaji alizitoa kwa mkono, moja kwa kila mteja, kwa hiyo mashine haikuganda na haikuhesabu mara mbili. Mstari usio na mwenzake kwenye Z mwekee alama ya batili, andika nani kaidhinisha na lini, na uurudishe ule mzigo kwenye stoku.